Tarehe ya Jeraha la Thuo

Khisa alikuwa dresa, mhudumu pekee wa wagonjwa katika zahanati ya shamba la mzungu mmoja huko Bahati, na kitu alichojivunia zaidi kilikuwa daftari lake. Jina, umri, ugonjwa, dawa, tarehe. Kwa miaka sita hakuruka mgonjwa hata mmoja.

Jumatatu moja ya mwaka wa 1954 Wangare alimleta mumewe Thuo, damu ikichuruzika mpaka kiwikoni. Mundu wa kukatia nyasi ya ng'ombe ulikuwa umemteleza. Khisa alimshona nyuzi nane, akaandika.

Jumatano watu wa msituni, wale waliokuwa wakipigana na serikali ya wazungu, walivamia shamba jirani, na mlinzi akaapa kwamba alimkata mmoja wao mkononi kwa panga. Ijumaa asubuhi afisa wa polisi, mzungu kijana, aliketi kwenye kiti cha Khisa na kufungua daftari.

"Huyu Thuo. Mkono."

"Ndiyo, bwana. Ni mundu. Alikuja Jumatatu."

"Alikuja Alhamisi."

"Bwana, nilimshona mwenyewe..."

"Alikuja Alhamisi," afisa alirudia, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Au wewe ndiwe unayewatibu watu wa msituni?"

Ilibidi Khisa aunakili ukurasa wote upya. Afisa alingoja akivuta sigara, kisha akauchana ule wa kwanza na kuutia mfukoni. Kilichomtesa Khisa baadaye ni kwamba aliandika kwa hati yake nzuri ile ile. Hata mistari ya pembeni aliipiga kwa rula.

Mahakamani Nakuru, Thuo aliposhtakiwa kwa uvamizi ule, Khisa aliulizwa swali moja tu: hii ni hati yako?

"Ndiyo."

Kizimbani, Thuo aliendelea kumtazama, akingoja aseme lingine. Khisa alishuka. Kabla ya miezi miwili kwisha, Thuo alinyongwa.

Wangare alirudi zahanati na binti yao wa mwaka mmoja mgongoni, mtoto akipumua kwa shida. Kichomi. Khisa alimdunga penisilini, akamwambia amlete siku nne zaidi. Lakini kesho yake nyapara wa shamba, Kosgei, alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba jamaa za walionyongwa wanarudishwa kwao, Nyeri, kwa lori, saa hiyo hiyo.

Wangare alikuja mbio, mtoto kifuani.

"Dakitari, mdunge basi. Lori linapakia."

"Nimekatazwa kuwatibu ninyi, mama. Kosgei yuko pale nje."

"Basi niandikie barua. Nikifika huko wajue amedungwa nini."

Khisa alitazama mlangoni. "Siwezi kuandika kitu chenye jina la Thuo."

"Siku ile uliweza," Wangare alisema.

Hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mgongoni upya, akakaza leso, akaenda. Khisa alisikia wanawake wakihesabiwa huku wakipandishwa, kisha injini.

Siku tatu baadaye dereva wa lori alifika zahanati.

"Yule mtoto wa kichomi hakufika," alisema. "Tulikuwa hatujapita Naivasha. Askari walikataa tusimame, mama akakaa naye vile vile mapajani mpaka Nyeri."

Khisa alimuuliza anaumwa nini yeye. Dereva akasema tumbo. Khisa akampa dawa, akamwonyesha jinsi ya kuinywa.