Zinki Iko Upande Gani

Hapa Kota, mji wa India tunakokuja kunolewa kwa mitihani ya kuingia vyuo vya uinjinia, kila mtihani wa Jumapili huzaa orodha ya Jumatatu, na orodha hiyo ndiyo inayoamua utakaa darasa gani. Darasa la Nyota hufundishwa na walimu wenye majina. Sisi wengine tunajaza viti tu, na asiyekubali hilo anajidanganya.

Wiki ile nafasi ya Nyota ilikuwa moja. Tulioigombea ni mimi na Vaidehi, mwenzangu wa chumbani kutoka Darbhanga. Baba yake alishatoa neno la mwisho: asipoingia mara hii, anamrudisha nyumbani, mambo ya uinjinia basi.

Asubuhi ya mtihani, tukila poha ya hosteli, ule mchele uliopondwa na kukaangwa, iliyokwisha poa, alinisogezea daftari.

"Sugandha, niokoe. Fizikia naitafuna, lakini hizi seli za galvani zitaniua. Zinki na shaba, anodi ni hasi au chanya?"

Kwenye seli hizo zinazozalisha umeme anodi ni zinki, nayo ni hasi. Nilijua hilo hata usingizini. Ila wiki iliyotangulia tulisoma kupitisha umeme kwenye myeyusho, ambako anodi huwa chanya, na nusu ya darasa bado walikuwa wanachanganya.

"Chanya," nikasema. "Anodi ni chanya siku zote, shoga, we vipi?"

"Una uhakika? Ukikosea wanakata alama."

"Kula bwana, tutachelewa."

Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Najichukia kwa hilo mpaka leo.

Maswali ya seli yalikuja manne. Jumatatu jina langu likapanda Nyota, la Vaidehi likashuka madarasa mawili. Alhamisi baba yake akafika, akavua viatu mlangoni, akakataa chai. "Haya mwanangu, funga mizigo," akasema, akashuka kutafuta gari.

Nilimsaidia kukunja shuka. Nikaanza, "Vaidehi, ile siku ya mtihani..."

"Achana nayo." Alikuwa anahangaika na zipu ya begi, haniangalii. "Kitabu kilisema hasi. Nilikifungua ulipokwenda kuosha sahani. Nikasema, Sugandha hawezi kunidanganya, hiki kitabu kimekosewa kuchapwa. Nikajaza chanya, maswali yote manne."