Tunutunu®

Jumatatu asubuhi mtengeneza sabuni alikata mche, akaanza kufunga vipande, na ndipo alipoona kwamba lebo zote zimeota alama. Alikuwa amezichapisha mwenyewe, neno moja la kijani: Tunutunu. Sasa juu ya neno, upande wa kulia, palikuwa na herufi R ndani ya duara dogo. Akaikwangua moja kwa kucha. Ikatoka, kisha ikarudi, nyeusi zaidi.

"Labda ni mashine ya kuchapia," mumewe alisema.

"Mashine gani hiyo inayochapa mpaka watu?" Alishusha kola. Begani nako ilikuwepo, mfano wa kovu la chanjo.

Mumewe akampaka mafuta, akaenda kazini.

Tunutunu lilikuwa jina la utotoni la mtengeneza sabuni, alilopewa na mama yake. Mama huyo sasa alilala chumba cha uani, na kumbukumbu zilikuwa zikimtoka kidogo kidogo. Alikwisha kumsahau marehemu mumewe, akasahau choo kiko wapi. Tunutunu tu ndilo alilobaki nalo. Kila kukicha aliita, binti akaitika "Abee, mama," naye akatulia, akakubali kula.

Haikupita wiki wateja wakaanza kupata tabu. Walifika dirishani, wakasema, "Nipe ile sabuni ya..." na midomo ikaendelea kucheza bila sauti. Walikohoa, wakanyoosha kidole, wakaondoka na vipande vyao. Huko madukani kwingine kulikuwa na sabuni mpya ya kiwanda yenye jina lilelile, na watu waliiitisha kwa sauti safi kabisa.

Alikwenda kwa wakili. Wakili alitazama bega kama daktari aliyechoka.

"Usiikune, itavimba. Hiyo maana yake jina limesajiliwa. Mtu akiweka TM, anadai tu kwamba ni lake. Akiweka hii ya duara, limeshakuwa lake, kwa bidhaa alizoziandikisha. Kiwanda kimeandikisha sabuni."

"Lakini ni jina langu. Mama aliniita hivyo kabla hicho kiwanda hakijajengwa."

"Alikuita. Hakukusajili."

"Si wangeniuliza?"

"Walitangaza kwenye gazeti la serikali. Muda wa kupinga umepita."

"Nani analisoma hilo gazeti?"

"Sisi," wakili alisema, bila kiburi. "Tungeweza kwenda mahakamani kuonyesha kwamba ulianza kulitumia wewe. Ila tutahitaji mashahidi watakaolitamka."

Aliporudi nyumbani alimkuta mama ameketi kitandani, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemsimama kwa juhudi. Alikuwa akiita. Hakuna kilichosikika.

"Abee, mama. Nipo."

Mama alimtazama kama mtu anavyomtazama mpangaji mgeni. Uji ukapoa. Kesho yake hakula tena, wala keshokutwa.

"Wakili si alisema ni kwa sabuni tu?" mumewe aliuliza.

"Na mimi ninauza nini?"

Jioni mumewe alipitia dukani, akarudi na kipande cha sabuni ya kile kiwanda, kimefungwa karatasi ya kung'aa. Alikiweka mezani. Mkewe alikaa nacho mapajani mpaka chai yake ikaingia baridi. Kisha akainuka, akakipeleka uani, akakiweka kwenye kiganja cha mama.

Mama alikigeuza, akakinusa.

"Tunutunu," akasema. Sauti ilikuwa ileile, ya zamani, pamoja na kule kuivuta silabi ya mwisho.

"Abee, mama," binti aliitika, akiwa amesimama nyuma ya kitanda na bakuli mkononi.

Mama hakugeuka. Alikipangusa kipande kwa upindo wa khanga, akakisogeza karibu na shavu. "Umechelewa leo, mwanangu," akakiambia. "Umekula?"

Binti akazunguka kitanda, akachota uji, akapuliza. Mama alifungua kinywa na kumeza, kijiko baada ya kijiko, bila kuondoa macho kwenye sabuni.