Ngano Iliyogoma Kutoa Masuke

Kinyanjui, mkulima wa Moiben, hakuwahi kuchekwa kama mwaka ule shemeji yake alipomletea mbegu za ngano kutoka Kanada. Alizipanda kando ya barabara, mahali pa kila mtu kuona. Ngano ya majirani ilitoa masuke, ikaiva, ikavunwa. Yake ilibaki kijani, imelala chini kama zulia.

"Mzee, hiyo nyasi utauza lini?" Chepkorir, jirani yake, alimwuliza akipeleka maziwa. "Ng'ombe wangu wanauliza."

Kinyanjui alijifanya hakusikia. Jumamosi bintiye Cate, anayesomea jenetiki ya mimea chuoni Eldoret, alikuja nyumbani. Alichutama shambani, akaanza kucheka.

"Baba, hii ni ngano ya nchi za theluji. Haitoi maua mpaka ipigwe na baridi majuma mengi."

"Kwani Moiben hakuna baridi? Mimi hulala na soksi!"

"Soksi zako hazitoshi. Ndani ya seli zake, jeni ya kuanzisha maua imebanwa na kundi la protini. Zimeikunja isisomeke. Jeni ni nzima, ila imefungwa. Baridi ya muda mrefu ndiyo hulegeza ule mbano, kidogo kidogo. Ikishafunguka, hata joto likirudi, inabaki wazi."

"Kwa hivyo haijaharibika."

"Inangoja tu."

Mbegu kiasi zilikuwa zimebaki guniani. Kinyanjui alizilowesha, na zilipoanza kuchipua akazipanga kwenye sinia, akazipeleka dukani kwa mkewe Waceke, ndani ya friji ya soda.

"Baba Cate, mtu akiomba soda baridi nimpe ngano?"

"Mwambie ngano bado iko masomoni."

Waceke alinung'unika, lakini ndiye aliyezinyunyizia maji kila asubuhi, na ole wake mteja aliyeacha mlango wa friji wazi.

Miche ilipohamishiwa shambani, haikuchelewa. Masuke yalichomoza, marefu, yenye ndevu. Kinyanjui akawa anapita hapo mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Mavuno hayakujaza hata beseni mbili. Waceke alisaga, akapika chapati, akamwita Chepkorir. Chepkorir alikula ya kwanza, ya pili, akafikiri sana.

"Ni tamu," alisema. "Lakini ni kama za unga wa dukani tu."

Kinyanjui alicheka mpaka akakohoa, akamwongezea chai.