Moto Ndani ya Pasi

Puu! Kisha kimya. Puu! Kimya tena.

"Moto wako una haya," dada alisema kutoka kwenye cherehani. "Ukitazamwa tu, unajificha."

Nilikuwa nimeinamia pasi yake, niliyoifungua tumbo. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na gauni jeupe la satini lilining'inia limejaa makunyanzi. Bibi harusi angekuja kulichukua adhuhuri. Pasi ya mkaa dada hakutaka hata kuisikia. Juzi ilitema jivu kwenye shela la mteja, akalishona upya huku analia. Nami, fundi bati nisiyejua kushindwa, nilikuwa nimetangaza mbele ya mtaa mzima kwamba nitawasha gesi ndani ya pasi.

Nilikuwa nimeiga bomba la jiko langu kubwa la gesi, nikapunguza kila upande hadi likatoshea kiganjani. Mtoto wa nyoka ni nyoka, nilijiambia. Kumbe moto si nyoka. Ule mdogo ulibanwa na bati pande zote, bati likanyonya joto lake lote kabla haujashika.

"Chai ya kikombe hupoa kabla ya ile ya birika," dada alisema. "Hilo nalo linataka fundi?"

"Dada, shona!"

Alicheka, akaendelea kuviringisha kitambaa cha mteja mwingine pamoja na bitana yake. Nikautazama ule mviringo: kitambaa, bitana, kitambaa, bitana, kila kimoja kimekumbatiwa na mwenzake. Niliruka kama niliyekanyaga kaa la moto.

Nilikata vipande viwili virefu vya bati jembamba la chuma, nikaviviringisha pamoja na kuacha nafasi kati yake. Zikawa njia mbili: gesi na hewa ziingie kwa hii, zikizunguka hadi katikati, moshi utoke kwa ile, hadi kisigino cha pasi. Joto ambalo moshi ungetoroka nalo, bati lilinyang'anye, liipe gesi inayoingia. Nikaziba juu na chini, nikaupachika mviringo ndani ya pasi, nikawasha.

Puu! Kisha mvumo mwembamba, usiokatika. Kitovu cha mviringo kikaiva chekundu.

"Umeshika!" dada alipiga kelele, akatupa mkasi. Bibi harusi alitukuta tumeshikana mikono tunarukaruka kama watoto waliofunga bao. Dada alikimbilia satini, pasi ikateleza, makunyanzi yakatoweka, na gauni likabaki jeupe pe!

"Mdogo wangu, nimekuvulia kofia," dada alisema, jasho na kicheko vikimtiririka. "Lakini pasi ya kola ni ndogo kama kidole gumba. Humo moto wako hauwaki."

"Hauwaki?" Nilisimama wima. "Bibi harusi, wewe shahidi. Dada, nakuahidi: ya kola nitakuundia, na kadiri itakavyokuwa ndogo ndivyo nitakavyoizidishia mizunguko, mpaka moto ukose pa kupotezea joto!"