Wiki ya Mashine ya Povu

Mashine mpya ya povu haifanyi kazi wiki ya kwanza. Hilo nawaambia wateja wangu wote kabla sijafungua boksi. Wote huitikia kwamba wameelewa, na kesho yake asubuhi hunipigia simu kuuliza mbona haifanyi kazi.

Dada yangu hakupiga simu. Alinisubiri niingie saluni kwake, akazima drya, akasema mbele ya wateja wake: "Mdogo wangu, umeniletea blenda."

Dada ni msusi. Saluni yake ina viti vitatu vya kusukia, drya mbili, na tangi la kioo lenye lita mia tatu za maji ya chumvi, mkabala na viti vya kusubiria. Ndani yumo samaki wa manjano, bapa kama kisosi, ambaye kwa miaka saba amekuwa akizunguka jiwe hadi jiwe akikagua kazi asiyoifanya. Anaitwa Mwenyekiti. Wapo wengine wawili wadogo, lakini hao hawana msimamo.

Mimi ndiye fundi wa matangi. Watu huniita Chumvi. Elimu yangu nimeipata kwa samaki kumi na wanne, wote marehemu, na kila mmoja alikufa siku ambayo nilikuwa na uhakika.

Mashine yenyewe haina maajabu. Inapuliza viputo vidogo ndani ya maji, uchafu wa samaki unavigandia, povu linapanda shingoni mwa mashine na kumwagikia kwenye kikombe cha juu. Kikombe kikijaa maji meusi yanayonuka, samaki wako ni mzima. Lakini plastiki mpya hutoka kiwandani na mafuta mafuta yake. Mpaka ijipake utando, viputo hupanda vidole viwili, vikapasuka, basi. Dawa ni kuiosha kwa siki, kuiwasha, na kuiacha. Kuiacha ndiyo kazi ngumu.

Ile ya zamani ilikuwa imepasuka ubavu, na siku kumi tukasubiri mpya. Maji yakaanza kuwa na rangi ya chai iliyokosa majani. Mwenyekiti akajibanza kona, akahema kama mtu aliyepanda ngazi, akakataa kula. Ndipo daktari wa meno, ambaye chumba chake kipo ng'ambo ya ukumbi na ana tangi mara mbili ya letu, akajitolea kumchukua.

"Akihamia kwangu anabaki kwangu," alisema kwa upole. "Umri huo hahamishwi mara mbili."

Dada alifikiri siku nzima. Jioni akaniambia: "Jumamosi, saa sita mchana. Kikombe kikiwa kikavu, Mwenyekiti anakwenda kwa daktari. Sitamtazama akifa huku nasuka watu."

Ilikuwa Jumapili. Mashine mpya ilikuwa imefika; nikaifunga, nikaanza kuja kila siku saa nne, kubadilisha ndoo moja ya maji na kuangalia shingo.

Kila nikifika, dada hunikalisha kwanza. Maji ya chumvi yamenikausha ngozi ya kichwa, ikawa inabanduka kama rangi ya ukuta, na yeye anaona aibu kuwa na ndugu wa namna hiyo mbele ya wateja. Ananimwagia mafuta utosini, anasugua. "Mama aliniachia kichwa hiki nikitunze," anasema, "nacho hakina hata kitu ndani." Wateja wanacheka. Mimi naondoka hapo nakwenda kwenye tangi, najikuna kidogo nikifikiri, nazungusha skrubu ya hewa, naingiza mkono kuinyanyua pampu.

Jumanne hakuna povu. Jumatano hakuna. Daktari alipita na ndoo nyeupe yenye kifuniko alichokitoboa matundu kwa ustadi mkubwa.

"Nimepita tu," alisema.

"Pita tu, daktari," dada alijibu. "Ndoo ingebaki."

Ndipo nikatoa hukumu. "Dada, tatizo ni wewe. Mikono yako ina jeli, ina mafuta, ina sprei. Mafuta yakigusa maji, povu linakufa palepale. Mtoto wa chekechea anajua."

"Wa chekechea gani huyo?"

Nikabandika utepe wa gundi sakafuni, mita moja kutoka kwenye tangi, nikamkataza kuuvuka mstari. Sprei nikaihamishia nje. Kuanzia hapo kila mteja aliyemaliza kutengenezwa alipelekwa ukumbini na kupuliziwa mlangoni kwa daktari wa meno, kwa sababu ndipo penye taa nzuri. Dada alivaa glavu za kuoshea vyombo hata wakati wa kumtupia Mwenyekiti chakula, mkono ukiwa umenyooshwa juu ya mstari kama anayelipa nauli kupitia dirishani.

Alhamisi saa mbili asubuhi alinipigia. "Limepanda! Lipo shingoni, la kahawia!"

Nilikimbia. Lilikuwepo kweli, zito, zuri. Dada kwa furaha akanikalisha, akanipaka mafuta ya kutosha harusi. Nikaenda kurekebisha skrubu robo mzunguko, nikaisogeza pampu ikae sawa. Saa tano povu lilikuwa limekufa.

"Umegusa?" nilimuuliza.

"Nipo nyuma ya mstari, we mtoto!"

"Basi umepumulia."

Ijumaa ikawa hivyo hivyo: asubuhi lipo, mimi nafika, linakufa. Nilikuwa nimeinama, mkono ndani ya maji hadi kiwiko, nikimlaumu dada kwa sauti, wakati mwalimu mstaafu aliyekuwa chini ya drya na rola zake alipoamua kuchangia. Mtu akiwa chini ya drya hajui kwamba wengine wanasikia.

"FUNDI! MKONO WAKO UNANG'AA!"

Saluni nzima ikageuka. Nikautoa mkono. Maji yalikuwa yanateleza juu yake bila kushika, kama kwenye sufuria ya kukaangia. Juu ya maji, pale nilipoutoa, palielea duara la rangi ya upinde wa mvua, likapanuka taratibu, mbele ya mashahidi tisa.

"NIMEFUNDISHA MIAKA THELATHINI NA MBILI," mwalimu aliendelea. "ANAYEPIGA KELELE NDIYE ALIYEIBA."

Nilitafuta pa kuuweka uso, sikupata. Dada alivua glavu moja, kisha ya pili, akanikabidhi. Halafu akanishika bega, akanisogeza nyuma ya mstari.

Jumamosi saa sita kasoro robo, daktari aliingia na ndoo yake. Mikono yangu ilikuwa mifukoni tangu asubuhi. Povu lilikuwa limefika ukingoni mwa kikombe, jeusi kwa juu, na hapo likasimama. Linavimba, linashuka. Linavimba. Robo tu ya skrubu ingelivusha; vidole viliniwasha hadi nikavikalia.

"Usiguse," dada alisema bila kunitazama.

"Sijagusa."

"Umefikiria."

Saa sita kasoro dakika mbili, povu lilivimba, likakunjika ubavuni, tone moja likateremka ndani ya kikombe.

Daktari akatoa tochi yake ya kazini, akachungulia muda mrefu. Dada alikuwa ameshika chanuo kwa mikono miwili.

"Ni tone," daktari alisema.

"Nilisema kikiwa kikavu," alisema dada.

Daktari akainama, akanusa. Akarudi nyuma haraka. "Hiki si kikavu," alikiri, kwa uaminifu wa taaluma yake. Akamtazama Mwenyekiti kwa muda. Kisha akaitazama saa, akashtuka. "Samahanini, nimemwacha mtu kitini na pamba mdomoni."

Akaondoka na ndoo.

Tone la pili likadondoka, na la tatu. Harufu ikaanza kuenea kwenye viti vya kusubiria. Mteja mmoja akahama, mwingine akaomba dirisha lifunguliwe. Dada alisema dirisha liachwe. Akavuta kiti, akakaa mbele ya tangi, akaanza kuhesabu matone kwa sauti ndogo, na wateja wakasubiri.