Pengo la Juzuu la Pili

Mkuu wa maktaba walimwita Bwana Rula, na rula alikuwa nayo kweli, ya chuma, ikichungulia kwenye mfuko wa shati kama ulimi. Alipima migongo ya vitabu, alipima upana wa rafu, na asubuhi ile akapima pengo.

“Sentimita tatu na nusu,” alisema. “Bi Muhuri, hapa panakaa nini?”

“Juzuu la pili, mkuu.”

“Mimi naona kibao.”

Kilikuwa kibao kweli. Desturi ya maktaba ile, kitabu kikiazimwa, kibao chembamba chenye namba ya msomaji husimamishwa mahali pake ili nafasi isimezwe na majirani. Kibao hukaa wiki mbili, kikizidi sana mwezi. Hiki kilikuwa na miaka tisa. Kilikuwa kimepauka upande wa dirishani, na kila Jumatatu Bi Muhuri alikifuta vumbi kabla ya kufuta kitu kingine chochote.

“Kadi yake inasemaje?”

Alimletea. Bwana Rula akaigeuza mbele na nyuma. Jina la msomaji lilikuwepo, namba ilikuwepo. Tarehe ya kurudisha haikuwepo.

“Nani alimwazimisha huyu?”

“Mimi.”

“Bila tarehe?”

“Alikuwa na haraka.”

“Wewe! Wewe ambaye ukigonga muhuri wino unaruka mpaka ukutani!” Bwana Rula alicheka, kisha akaacha. “Ndiyo maana hatukuwahi kumdai. Kitabu kisicho na tarehe hakichelewi.”

Hakichelewi. Neno hilo Bi Muhuri alikuwa amelilalia miaka tisa kama mto.

Msomaji wa kadi ile alikuwa kaka yake, mtoto wa kwanza wa mama yake. Riwaya yenyewe ilikuwa ya majuzuu matatu, habari ya mhunzi na binti zake saba, na kaka alikuwa amelimaliza la kwanza kwa siku mbili, anakula akisoma, anaitwa haitiki. Siku aliyoondoka kwenda kutafuta kazi mbali, alipita maktaba na begi begani, gari likinguruma nje. “Nipe la pili nikasome njiani,” alisema. “Na wewe usinitangulie, mdogo wangu. Tutasoma pamoja.” Bi Muhuri alipoinua muhuri, akamshika mkono. “Usinipigie tarehe. Sijui nitarudi lini, na sitaki kurudi nikiwa mkosaji.”

Basi kwa upendo akaacha mstari mtupu. Kaka aliandika barua mbili mwaka ule wa kwanza. Mwaka uliofuata hakuandika, wala ulioufuata huo. Akawa kama jiwe lililotupwa kisimani, ila mlio wa maji hata huo haukusikika.

“Sikiliza,” alisema Bwana Rula, naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa hesabu za nafasi tu. “Masanduku ya vitabu vipya yamejaa mpaka chooni. Rafu hazinenepi. Kikiingia kimoja, kitoke kimoja. Ungo wetu unaujua: kilichooza kinatoka, kilichopitwa na wakati kinatoka, kisichosomwa miaka mitano kinatoka, na seti iliyovunjika inatoka. Hii imevunjika. La kwanza na la tatu yaingie kwenye sanduku la kutolewa.”

“Mkuu, mwenyewe akirudi nalo?”

“Asiyekuwepo na lake halipo.”

Aliyasema bila ubaya, kama mtu anayesoma kibandiko. Lakini Bi Muhuri alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Waliotunga methali ile, aliwaza, walikuwa wamekaa kwao, wameshiba, wanahesabiana vinyama. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mtu wa kumngoja!

Alikwenda kwenye masanduku ya msaada apate mahali pa kuficha uso. La juu lilitoka kwa familia ya mwalimu mmoja mstaafu aliyehamia kwa wanawe. Alianza kutoa, akipiga vumbi, akitenga: kamusi, atlasi, atlasi nyingine, kitabu cha ufugaji wa nyuki. Chini kabisa, limelala kifudifudi, juzuu la pili.

Alilitambua kabla ya kuligeuza. Jalada lile lile la kahawia, mgongo ule ule wa kitambaa.  Akafungua haraka ukurasa wa mwanzo kutafuta muhuri wa maktaba, na hapakuwa na muhuri. Lilikuwa la mwalimu, jina lake limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Nakala nyingine tu.

Alisimama nalo muda mrefu. Angelipeleka kwa Bwana Rula, seti ingepona. Lakini alizijua taratibu kuliko aliyezitunga: kitabu kimoja hakishiki mistari miwili kwenye daftari. Ili la mwalimu liingie, la kaka sharti lifungwe, na neno la kulifungia ni moja, Limepotea. Asipoandika, pengo linaondoka na seti yake. Akiandika, pengo linazibwa na mgeni. Huku moto, huku maji ya moto.

Akalifungia kwenye droo yake.

Lilikaa humo siku mbili. Siku ya tatu akaja Fundi, mshona nguo wa jirani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, pini zimechomekwa kwenye ukosi.

“Bi Muhuri, nina swali lile lile.”

“Na mimi nina jibu lile lile.”

“Nimesoma la kwanza mara tatu, mwenzangu! Mara tatu! Binti wa nne ameacha kufua chuma, ametoka usiku na nyundo ya baba yake, halafu kitabu kinaisha. Ndiyo adabu hiyo?”

“Soma la tatu.”

“Nisome la tatu? Wewe unavaa suruali ya mguu mmoja?” Fundi aliinama juu ya meza. “Huyo aliyelichukua, akirudi, niite. Nitampima suti ya bure, halafu nimchome kila pini niliyonayo.”

Bi Muhuri alicheka, na katikati ya kicheko akaona haya. Chini ya kiwiko chake, nyuma ya ubao wa droo, binti wa nne alikuwa amefungiwa na nyundo yake. Yeye aliyeapa kwamba vitabu ni vya watu! Fundi alipoondoka, alichukua juzuu lile, akalipeleka kwa Bwana Rula, akaliweka mezani.

Bwana Rula alifurahi kama mtoto. Akalipima. “Sentimita tatu na nusu kamili! Basi seti inabaki. Funga mstari wa lile lililoazimwa, ingiza hili. Ila kwa utaratibu: barua tatu za ukumbusho kwa msomaji, kila moja kwa wiki yake, kwa anwani yake ya mwisho. Bila barua tatu hatuandiki mtu amepoteza.”

Bi Muhuri akashukuru kimoyomoyo. Wiki tatu! Akachapa ya kwanza mchana ule ule, kama alivyochapa mamia: Ndugu msomaji, unakumbushwa kwamba kitabu ulichoazima. Akakunja. Akaandika jina la kaka yake juu ya bahasha, na chini yake anwani kutoka kwenye kadi. Akampa tarishi. Miaka kumi na miwili alikuwa akinakili anwani, na mkono uliozoea hausomi.

Alipofika nyumbani jioni alimkuta mama yake ameketi sebuleni, amevaa gauni lake la heshima, lile la kijani, amefunga kilemba kipya. Meza imepanguswa. Katikati ya meza, bahasha.

“Umechelewa,” mama alisema. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya msichana. “Imeletwa saa nane. Sikuifungua. Nilisema tuifungue pamoja.”

“Barua gani, mama?”

“Huoni jina? Ni ya kaka yako.”

 Anwani ya kaka ilikuwa hii hii, nyumba hii hii, mlango huu huu wa bluu. Mama alisoma polepole, alijifunza ukubwani kwenye darasa la watu wazima, lakini jina lile alilisoma haraka kuliko lake mwenyewe. Aliona jina la mwanawe kwenye karatasi baada ya miaka minane ya kimya, akaenda kuoga, akavaa.

“Mama,” alisema, “barua hiyo haikutoka kwake. Inakwenda kwake. Nimeiandika mimi.”

Akaeleza yote: kibao, kadi isiyo na tarehe, juzuu la mwalimu, barua tatu. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele. Mama alisikiliza akiitazama bahasha. Kisha akaanza kufungua kilemba, mkunjo mmoja, mkunjo mwingine, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

“Kwa hiyo miaka yote hii,” alisema mwishowe, “wewe ulikuwa na mahali pa kwenda kumtazama.”

“Ni kibao tu, mama.”

“Mimi sikuwa na hata kibao.”

 Bi Muhuri hakuwahi kufikiri kwamba kungoja kunaweza kuwa uchoyo.

“Nitawaambia tusiendelee,” alisema. “Hizo mbili sitaziandika.”

“Ziandike.” Mama alikuwa amekwisha simama, anaelekea chumbani na kilemba mkononi. “Mtu haitwi mara moja.”

Ya pili ikaja baada ya wiki. Mama aliipokea kwa tarishi, akaiweka juu ya ile ya kwanza, akaendelea na kazi zake. Bi Muhuri alizikuta zimefunguliwa kwa kisu, kwa unadhifu, na kwenye kila moja kidole kilikuwa kimepita na kupita chini ya mistari mpaka karatasi imelainika. Usingizi wake ulikuwa wa kuibia wiki ile. Kila hatua mlangoni pa maktaba ilimwinua kichwa. Akija leo, aliwaza. Akija kesho, hata bila kitabu. Akija na uwongo wowote, nitauamini. Lakini waliokuja walikuwa wanafunzi wa mitihani, na mzee wa magazeti, na Fundi na swali lake.

Siku ya barua ya tatu, tarishi alirudi amechanganyikiwa. “Amekataa kupokea. Amesema atajibu mwenyewe. Yuko nyuma yangu.”

Mama aliingia. Miaka kumi na miwili binti yake akifanya kazi mle, hakuwahi kuvuka kizingiti. Alidai ni mahali pa watu wa kalamu. Sasa alitembea kati ya meza akiwaamkia wasomaji mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida, na wasomaji, waliokatazwa kuzungumza, wakaitikia wote.

“Shikamoo mama,” alisema Bwana Rula, akisimama, rula ikamponyoka.

“Marahaba mwanangu. Mmeniandikia barua, nimekuja na jibu. Kwanza nionyesheni hapo mahali.”

Bi Muhuri akampeleka rafu ya nne, upande wa dirishani. Mama akakitazama kibao. Akakitoa mwenyewe, bila kuomba ruhusa, akaingiza mkono wake katika pengo mpaka kifundoni. Mkono uliingia wima, kiganja kimeegemea juzuu la kwanza, mgongo wa mkono juzuu la tatu. Ukakaa. Nje mtu alikuwa akipiga honi na hakuna aliyemjibu.

“Pembamba hapa,” alisema. “Mwanangu alikuwa na mabega.”

“Mama…”

“Mabega kama mlango. Humu hakai.” Akautoa mkono, akaupangusa vumbi. “Mkubwa, andika kitabu kimepotea. Mimi ndiye ninayesema, mimi mwenye nyumba ile. Kipotee, watu wasome hicho kingine.”

“Tutaandika, mama,” alisema Bwana Rula kwa unyenyekevu. “Pole sana. Ndiyo hivyo, wahenga walisema asiyekuwepo…”

“Nawajua hao wahenga.” Mama hakupandisha sauti. “Lake lipo. Liko kwangu, na halihitaji rafu. Umenisikia? Kitabu ndicho nilichokisema. Mtu sikumtaja.”

“Nimekusikia, mama.”

Bi Muhuri alifungua daftari kubwa. Akautafuta mstari, akaupata, akaandika neno lile kwa herufi zilizosimama sawasawa, kwa maana alijivunia mwandiko wake na hakutaka hata huzuni iuharibu.   Kisha akaandika mstari mpya, namba mpya, akaweka muhuri kwenye ukurasa wa mwalimu chini ya ile kalamu nyekundu. Wino haukuruka. Alipomaliza hakulipeleka rafuni. Alimtuma tarishi duka la pili kushoto, na Fundi akaja mbio na pini mdomoni, akalikumbatia juzuu lile, akakimbia nalo kabla hajaulizwa kadi, ikabidi aitwe arudi kuandikwa.

“Wiki mbili,” Bi Muhuri alimwambia.

“Wiki mbili! Mimi nitalimaliza kesho, nguo za watu zisubiri.”

Alipogeuka kumtafuta mama yake amsindikize, hakumwona mlangoni. Alimwona kwenye benchi la dirishani. Alikuwa amechomoa juzuu la kwanza na kulifungua mapajani, miwani imeshuka puani, kidole kiko chini ya mstari, midomo inatembea. Bi Muhuri akaenda, akaketi kando yake.

“Hiki ndicho alichokuwa akisoma mezani?” mama aliuliza bila kuinua macho. “Kile nilichotaka kumnyang'anya?”

“Ndicho.”

“Nilimwambia chakula kinapoa.” Kidole kikasogea neno moja, kikasimama, kikasogea. “Huyu mhunzi ana maneno mengi. Binti wa nne anatoka ukurasa gani?”

“Nani kakuambia habari za binti wa nne?”

“Huyo mwenzio wa mapini, ameniambia pale mlangoni. Anatoka, sawa. Anarudi?”

“Sijui, mama. Sikuendelea. Kaka aliniambia nisimtangulie.”

 Wasomaji walikuwa wameanza kukusanya madaftari yao, viti vikiburutwa, na Bwana Rula anaokota rula yake chini ya meza. Saa ya kufunga ilikuwa imefika. Bi Muhuri akanyoosha mkono kulichukua juzuu, kwa mazoea, na mama akalivutia kwake.

“Kafunge madirisha mengine kwanza,” alisema. “Hili la kwangu liache. Sijafika chini ya ukurasa.”