Miganda Aliyoisahau Matithia

Matithia alianza kusahau miganda kabla ya kusahau watu, ndiyo maana mwanzoni hakuna aliyehuzunika.

Kwani kusahau mganda shambani si kosa. Torati imesema mvunaji akiusahau mganda nyuma yake asirudi kuuchukua. Huo ni wa mgeni, wa yatima na wa mjane. Ni amri ngumu kuliko inavyosikika, maana mtu hawezi kusahau kwa makusudi. Bonde la Netofa lilikuwa na wazee waliovuna ngano tangu ujana wao na hawakuwahi kuitimiza. Kwa hiyo Matithia alipousahau mganda wake wa kwanza aliona amebarikiwa, akawaita majirani na kuwamiminia divai. Binti yake Shelomiti ndiye aliyepika siku ile. Alikuwa mjane, amerudi kwa baba yake baada ya mumewe kuuawa katika vita na Warumi, vita vilevile vilivyoliteketeza Hekalu kule Yerusalemu.

Mavuno yaliyofuata mzee alisahau miganda mingi zaidi. Na yaliyofuata hayo, maskini wa vijiji vya jirani walikuwa wamekwisha kupata habari.

Aliyewatangulia alikuwa mjane mmoja aitwaye Hogla, mwanamke mcheshi mwenye mabinti wengi na nyumba isiyo na kitu. Shelomiti alimpenda. Lakini asubuhi moja, akiwa anafunga miganda, alimwona Hogla amesimama mbele ya mzee, mikono kiunoni.

"Mzee Matithia, hebu nihadithie tena ile harusi yako. Ni kweli ulimkanyaga mama mkwe?"

"Nani kakwambia? Hakuwa mama mkwe, alikuwa shangazi wa mke wangu," mzee akasema, akaweka mundu chini na kuanza kueleza. Alieleza kwa raha, akicheka mwenyewe. Alipomaliza aliendelea mbele, wala hakugeuka. Nyuma yake mabinti wa Hogla walikuwa wanakwenda na miganda kichwani.

Yoezeri, mdogo wake Shelomiti, akaja mbio kutoka upande wa pili.

"Weka chini. Huo haujasahauliwa. Mimi naukumbuka."

"Wewe unaukumbuka?" Hogla akamjibu taratibu. "Kwani shamba lako?"

"Ni la baba."

"Basi muulize baba."

Yoezeri akamgeukia mzee. "Baba, ule mganda pale karibu na mawe, si uliuacha tuuchukue baadaye?"

Matithia akamtazama, kisha akatazama mawe. "Mganda gani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mzee naye akacheka pamoja nao, akidhani kuna mzaha. Shelomiti alimwona ndugu yake anageuka na kuondoka.

Jioni Yoezeri alimfuata dada yake jikoni, akamkuta anakanda unga.

"Dada, nitampeleka kwa wazee wa kijiji."

"Ukamshtaki baba yako?"

"Nani kasema kushtaki? Waseme tu kwamba akili zake zimepungua, shamba niliangalie mimi. Wale hawangoji tena asahau, wanamsahaulisha. Umewaona mwenyewe."

"Wana njaa, Yoezeri."

"Na wanangu je? Na wewe unayekanda hapo, unakanda nini?"

Shelomiti akaongeza maji kwenye unga. Aliendelea kukanda.

Wakampeleka. Wazee waliketi uani mwa sinagogi, na Mwalimu Elasa, aliyewazika wanawe wote katika vita, alikaa katikati yao. Matithia alikuwa amevaa kanzu yake nzuri. Alidhani ameitwa kuwasaidia kuamua kesi ya mtu mwingine, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza.

Mwalimu Elasa akamuuliza habari za fungu la kumi, akajibu. Akamuuliza pembe ya shamba inayoachiwa maskini iwe kubwa kiasi gani, na mganda uliosahauliwa na vibarua lakini ukakumbukwa na mwenye shamba ni wa nani. Matithia alijibu vizuri kuliko ambavyo wengi wa wale wazee wangejibu. Akamrekebisha mmoja wao, kwa adabu. Yoezeri aliinamisha kichwa. Shelomiti, aliyesimama mlangoni na wanawake, alianza kupumua.

"Mzee huyu hana tatizo lolote," Mwalimu Elasa akasema, akatabasamu. Kisha, kama mtu anayeaga, akauliza, "Mwaka huu ngano imekubali, ndugu yangu?"

"Imekubali sana. Ile bora nimeitenga kwa malimbuko."

"Umeitenga?"

"Sikukuu ya Majuma si hiyo inakuja? Nitapanda nayo hadi Yerusalemu. Nikifika Hekaluni nitamkabidhi kuhani kikapu, mkono kwa mkono, kama alivyofanya baba yangu."

Mwalimu Elasa akageuza uso kuelekea ukutani. Mmoja wa wazee akaanza kulia na hakujificha. Matithia akawatazama mmoja mmoja.

"Vipi? Nimekosea neno?"



Mwalimu Elasa akainuka, akamwita Shelomiti pembeni. Ushahidi wa mwanamke haukuhesabiwa, lakini alitaka kusikia. "Binti yangu, ulimi umeteleza, au hajui?"

Shelomiti alijua kwamba angeweza kusema ulimi umeteleza. Alimfikiria Hogla na mabinti zake. Akawafikiria watoto wa Yoezeri. Mwisho alichoshwa na kufikiri, akasema kweli.

"Kila asubuhi ananiuliza kama punda amelishwa kwa safari. Mara ya kwanza nilimwambia Hekalu limeungua. Alirarua nguo yake, akalia kutwa nzima, kama habari imefika siku hiyo. Kesho yake akaniuliza tena habari za punda. Sijamwambia tangu hapo."

"Usimwambie," Mwalimu Elasa akasema. Shamba akapewa Yoezeri aliangalie.

Yoezeri hakuivunja sheria. Aliacha pembe ya shamba, na masuke yaliyoanguka hakuyaokota. Lakini kichwa chake kilikuwa kizima, na hakuacha mganda. Hogla na mabinti zake wakaokota kile kidogo, na jua lilipokuwa kali Hogla akaja kuomba maji.

"Ndugu yako ana kumbukumbu nzuri," akasema, akanywa. Hakusema kwa hasira. Siku chache baadaye alihamia Tiberia kutafuta kazi ya kufua, na Shelomiti hakumwona tena.

Mkesha wa sikukuu, alfajiri, kitanda cha mzee kilikuwa kitupu. Shelomiti alimtuma mtu amwite Yoezeri, yeye akashika njia ya kusini, ile ya Yerusalemu. Alimkuta mbali, anatembea polepole na kikapu cha masuke begani, miguu inavuja damu.

"Baba."

Akamtazama kwa upole. "Nawe unapanda kwenda Yerusalemu, dada? Wa kijiji gani?"

Shelomiti alitaka kusema jina lake. Badala yake akasema, "Wa Netofa."

"Ah, majirani. Twende basi. Njia peke yako haiishi."

Wakaenda. Alimfundisha maneno ya kusema mbele ya kuhani, akamwambia akae mbali na umati langoni, wapo wezi. Alipochoka waliketi kwenye jiwe kando ya kisima cha maji ya mvua kilichokauka.

"Bado mbali?"

"Tumekaribia."

"Mbona sisikii filimbi?" akauliza. Mahujaji walikuwa wakipokewa kwa filimbi. Shelomiti akasema upepo unavuma upande mwingine. Mzee akaridhika, akaegemea bega lake, akalala. Yoezeri alipofika na punda walimpandisha angali amelala, wakarudi nyumbani.

Hakuinuka tena kitandani. Alifariki kabla zabibu hazijaiva.

Walimzika siku ileile, wakaketi sakafuni kuomboleza. Mlo wa kwanza wa wafiwa huletwa na majirani, nao wakaleta dengu na mkate wa shayiri. Yoezeri alishika kipande cha mkate, asikile.

"Siku ile njiani," akamwambia dada yake, "kabla sijafika, alinitaja?"

Nje majirani walikuwa wanaagana. Shelomiti alingoja sauti zao ziishe.

"Alikutaja," akasema.

Yoezeri akaitikia kwa kichwa, akaanza kula.